Umwumba Chini ya Maharage

Mama mkwe wangu hakukanyaga kitalu chetu cha miche hata siku moja. Alikuwa akipita juu barabarani na kapu lake la mboga, anatusalimia kwa mbali, anaenda zake. Hata hivyo ile miti ya umwumba iliyosimama leo kwenye mteremko wa shule kule Nyundo, ambayo watu hunisifia mimi, nusu ni yake, na nusu nyingine ni ya watoto wa jirani. Yangu mimi ilikuwa hasira tu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nataka kuonyesha ujuzi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Gisenyi. Wakati ule karibu kila mtu alikuwa ametoka mahali pengine. Mimi nilizaliwa na kukulia Goma, upande wa pili wa mpaka. Ni mwendo wa miguu tu, lakini unatosha kukufanya mgeni. Baba yangu alikuwa Mwislamu, muuza vitenge. Niliolewa na Mkatoliki, dereva wa lori, tukavuka na kupanga nyumba ya mawe meusi kwenye mwinuko juu ya mto Sebeya, na mama yake akaja kuishi nasi. Yeye alizaliwa Kanzenze, akakimbilia Masisi, upande ule wa Goma, akiwa msichana, akazeekea huko, akarudi na kapu moja na desturi zake zote. Kiswahili chake kilikuwa cha Masisi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Basi tulizungumza Kiswahili, na kwa kweli tulizungumza kidogo.

Kilichonifanya nijione mtu katika mji ule kilikuwa kitalu. Tulikuwa wanawake watano, na komini, yaani serikali ya pale, ilikuwa imetuazima kipande cha ardhi kando ya mto, udongo mweusi unaobomoka vidoleni. Tulianza kama kila mtu alivyoanza, kwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, ile inayoota hata ukiikasirikia. Vilima vilikuwa vimebaki vipara baada ya vita na kambi za wakimbizi, na watu walitaka kuni za kesho, si za kesho kutwa. Kisha siku moja agronomu wa komini, yaani bwana shamba wao, mtu mnene, mpole, asiyevua kofia, akaja akasimama katikati ya miche yetu akaitazama kama mtu aliyepewa chakula kilekile cha jana.

“Mikaratusi iko kila fasi,” alisema. “Na kuna bale ba vitunguu na karoti, banaomba hii udongo. Munipatie miti ya hapa. Umwumba, kwa mufano. Mbegu ya hapa hapa, hapana ya pakiti. Mvua ya mwezi wa tisa ikikuta miche iko, bon, munabaki. Ikikuta haiko, ba vitunguu banaingia.”

Hakuwa mtu mbaya, ila nilimchukia wiki nzima. Wenzangu walikuwa na mashamba ya waume zao au ya wazazi. Mimi nchi nzima sikuwa na udongo hata wa kujaza chungu cha maua. Kipande kile kikiondoka, ningerudi kuwa mke wa dereva, akaaye mlangoni akisikiliza kama lori linakuja.

Umwumba ni mti mkubwa wa milimani. Gome lake watu hulichuna kwa ajili ya dawa ya wazee wanaosumbuliwa na mkojo, na jani lake ukilifikicha lina harufu fulani chungu, kama kiini cha kokwa. Hauzai kwa ukarimu kila mwaka. Na mbegu yake haijui kungoja. Ukiianika kama maharage na kuiweka chunguni, umeiua. Tuliulizia huku na huku mpaka tukasikia kuna mmoja umebaki Kanzenze, nyuma ya shamba la viazi, umechunwa gome mpaka mkono wa mtu unapofika. Tukaenda na mashuka mabovu, tukayatandika chini yake, tukawa tunaokota matunda mekundu yaliyoelekea weusi, pamoja na yale ambayo ndege waliyaonja wakayaacha. Nilikuwa na mimba kubwa na kuinama siwezi, kwa hiyo nikakaa kwenye jiwe nikichambua. Wenzangu wakanitania njia nzima kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nataka msitu nimekaa.

Tuliyaloweka matunda ndooni, tukayasugua kwa gunia mpaka nyama ikatoka, tukabaki na mbegu za kujaza bakuli. Nusu tulizipanda kitaluni, chini ya kivuli cha matete, kwa kufuata kila kitu tulichofundishwa. Nusu nilizichukua nyumbani, kwa maana kule mtoni kulikuwa na mbuzi wa watu na panya, na mimi katika hali ile sikuweza tena kushuka na kupanda kila siku. Nilitengeneza tuta mbele ya mlango wangu. Nilichekecha udongo, nikatoa kila kijiwe, na kwenye ardhi ya volkano kutoa vijiwe si kazi ya asubuhi moja. Nikazifukia mbegu, nikatandaza nyasi kavu juu yake, nikamwagilia. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. Alinitazama siku zote nilizofanya kazi ile, akitikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuuliza kitu. Sikushangaa. Nilijua kila mtu anajua tuta la mbegu linavyokuwa.

Haukupita mwezi tukaletewa habari kwamba mti wa Kanzenze umeangushwa, umekuwa makaa. Kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Mbegu tulizozipanda ndizo zilikuwa za mwisho. Niliulilia mti kama mtu. Wenzangu walisema si mimi, ni mimba inayolia.

Mtoto akazaliwa, msichana, mzima, mwenye sauti kama ya wauza samaki wa Nyamyumba. Mama mkwe alinilaza chumbani na kunikataza kugusa hata ufagio. Alinikanda kwa maji ya moto, alininywesha uji wa mtama hadi nikahisi ninaelea, alimwogesha mtoto asubuhi na jioni huku akimwimbia kwa sauti ya chini. Wanasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa nimeshazaa, na bado sikuthubutu.

Sasa, kwa baba yangu, siku ya saba mtoto hunyolewa, mbuzi huchinjwa, dua husomwa, watu wakala wakaenda. Nilikuwa nimesikia kwamba Wanyarwanda humpa mtoto jina siku ya nane, na kwamba watoto wa jirani hualikwa kula chakula chake, kinachoitwa ubunnyano. Nilidhani ni kula tu. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kula, watoto hulima.

Nilikuwa kitandani nikinyonyesha. Nje nilisikia vicheko, na sauti kama ya kuku wengi wanaoparua. Nikafurahi, nikajisemea kwamba wanangu hawa wa jirani wamekuja kucheza. Baada ya muda nikamsikia mama mkwe akiita kwa Kinyarwanda, maji yakamwagika, na watoto wakaingia mbio wakipiga kelele, vichwa vimeloa, mikononi wana vijembe vilivyokatwa kwenye matawi ya miti. Miguu yao ilikuwa na udongo mweusi, laini, usio na kijiwe hata kimoja. Niliutambua pale pale.

Nilitoka na mtoto kifuani. Tuta langu lilikuwa limelimwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyasi zangu zilikuwa zimerundikwa ukutani. Punje za maharage na mbegu za maboga zilionekana hapa na pale, zimefukiwa nusu nusu, kama watoto wanavyofukia.

“Mama,” nikasema, “hapa ilikuwa mbegu.”

“Njo hapa nimebapatia balime,” akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. “Niliona ulitengeneza fasi ya mutoto muzuri sana. Udongo laini, hata jiwe moja hakuna. Nikasema, huyu mukazana, bibi ya mutoto wangu, anajua heshima. Mi kwa batoto bangu bote sikupataka fasi ya namna ile. Kule Masisi tulikuwa tunalima tu pa majani.”

“Fasi ya mutoto ya nini?”

Akanitazama. “Ya jina. Batoto banalima mbele ya mulango, unabamwangia maji, unasema mvua inanyesha, muache kulima, mukuje kula. Njo jina inaingia. Kwenu hamufanyake vile?”

“Hapana, mama,” nikasema. “Kwetu hatufanyake.”

Nilikuwa na maneno mengine, ninayo siku zote. Lakini mke hamwambii mama mkwe maneno kama yale, na watoto walikuwa tayari wamekaa mkekani wakitaja majina, kila mmoja la kwake, wakishindana kwa mdomo uliojaa. Nikarudi chumbani nikalia, na binti yangu mwenye jina jipya akalia pamoja nami. Mume wangu aliporudi na lori na kusikia habari, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimnyima chai.

Maharage yakawa ya kwanza kuota. Nikaamua kuyang’oa, nifukue nione kama kuna mbegu yangu iliyopona. Niliinama na kushika shina la kwanza, na mama mkwe akaja akasimama mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunikataza jambo.

“Mama mutoto, ile ni shamba ya mutoto. Mi sijaona mutu anang’oa kitu chenye batoto balipanda siku ya jina.”

“Mama, chini kuna mbegu ya kazi yangu.”

“Itaota nayo. Udongo haikataake mugeni.”

Kesho yake alileta miti mirefu akaichomeka katikati ya tuta, maana maharage ya kwetu huku ni ya kupanda juu, hayalali chini. Kila mti alioukita niliusikia ukinichoma mimi. Maboga nayo yakaanza kutambaa. Nilimwacha. Nilijiambia kwamba bado kuna ile nusu ya kitaluni, chini ya matete, inayolindwa na watu wenye akili.

Halafu usalama ukaharibika huko vilimani. Tukaambiwa kila mtu asiende mbali na nyumba yake, na njia ya kushuka mtoni ikafungwa. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, vumbi jeusi linaingia mpaka kwenye sufuria, na bomba la mtaa likifunguliwa linatoa upepo. Mimi na wenzangu tulikuwa tukikutana kwenye uzio wangu na kutazama chini. Mto ule pale, kitalu kile pale, na sisi hatufiki. Mmoja wetu alisema afadhali tungekuwa hatuoni.

Njia ilipofunguliwa tulishuka karibu tukikimbia. Mbegu zilikuwa zimeota, zote, kwa mistari iliyonyooka kama tulivyoipima. Na zote zilikuwa zimekauka zikiwa zimesimama. Ukigusa jani linavunjika. Hatukulia. Tulikusanya ndoo zetu tukapanda. Nikiwa njiani nilimwona mmoja wa wale wa vitunguu akipita kando ya ardhi yetu polepole, anaitazama, na hakuwa na kosa lolote mtu yule, lakini sikumjibu salamu.

Agronomu akatuma ujumbe kwamba atapita kabla ya juma kuisha.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliniomba nichume majani machanga ya maharage, ya kupika mchana. Nilitoka na bakuli, sina hata nguvu ya kununa. Niliyasogeza maharage, nikainua jani kubwa la boga, nikaona chini yake kitu kinachong’aa. Jani dogo, la kijani kilichoiva, kingo zake zina meno mafupi, kikonyo chake chekundu. Nikainua jani lingine la boga. Kulikuwa na miche mingine pale. Ilikuwa imeota ovyo, miwili hapa imekumbatiana, mitano pale, mmoja umejiegemeza kwenye mti wa maharage, kila mahali ambapo kijembe cha mtoto kilikuwa kimeitupa mbegu. Nikachuma jani moja nikalifikicha. Harufu chungu ikanijia puani, ile ile ya Kanzenze.

Nikapeleka mkono chini. Udongo ulikuwa umelowa. Katikati ya kiangazi, mtaa mzima unakohoa vumbi, na udongo wangu umelowa kama baada ya mvua.

“Mama,” nikaita. “Nani anamwangaka maji hapa?”

Alitoka na mtoto mgongoni. “Maji ya mutoto,” akasema. “Namwanga wapi ingine? Maji yenye imeosha mutoto habamwangake njiani, batu bakanyage. Namwanga kwa shamba yake.”

“Kila siku?”

“Anaoga kila siku.”

Maji yenyewe alikuwa akienda kuyaomba kwa jirani mwenye tangi, kidumu kichwani, katika umri ule. Nilijua hivyo, nilikuwa nikimwona akienda na akirudi. Nilikuwa sijajiuliza maji yanakwenda wapi mtoto akishatakata. Nikakaa pale pale kwenye vumbi, bakuli mapajani, na nikashukuru. Sikujua nimshukuru nani kwanza, Mungu, au wale watoto wenye vijembe, au boga, au huyu mama aliyesimama juu yangu akishangaa kwa nini majani ya mboga yanaliza mtu. Nilimwambia asante. Akauliza ya nini. Nikamwonyesha. Akainama akatazama, akasema, “Ah, ya kwako nayo imefika,” kama mtu anayepokea mgeni aliyechelewa, akanikumbusha mboga.

Agronomu alipokuja nilimpeleka kwanza kitaluni, maana sikutaka kumficha kitu. Alitazama ile mistari iliyokauka, akatikisa kichwa. Kisha nikampandisha mpaka nyumbani. Alikuwa anahema. Nikalifungua lile pazia la maharage mbele yake.

Aliinama kwa shida, akasogeza majani. “Nani alipanda namna hii?” akauliza. “Hakuna mustari hata moja.”

“Ni batoto,” mama mkwe akajibu kutoka mlangoni. “Balilima siku ya jina.”

Agronomu alikuwa mtu wa kilima cha pili. Hakuhitaji maelezo. Nilimwona akianza kucheka kwa tumbo kabla ya mdomo, na kwa mara ya kwanza akavua kofia, akajifutia macho. “Donc, njo maana mistari haiko,” akasema. Akachuma jani, akanusa, akanirudishia kama mtu anayerudisha funguo. “Mubaki na udongo yenu. Na maharage ikikomaa, munipatie nayo mbegu.”

Tukabaki. Mvua zilipokuja tuliihamishia miche kwenye sashe, vile vifuko vya plastiki, na watoto walewale ndio waliotujazia udongo, nami sikumkemea hata mmoja kwa kumwaga. Tuliilea mwaka mzima kitaluni. Nilijifunza kitu kimoja na nikakifuata miaka yote niliyofanya kazi ile: niliacha kivuli cha matete kwa miche mingine, na umwumba niliupandia maharage.

Siku ya kuipeleka kwenye mteremko wa shule, Nyundo, binti yangu alikuwa ameshaanza kutembea. Tulikwenda wanawake wote watano. Mteremko ulikuwa umechimbwa na mvua mpaka mifupa ya mawe ikatoka. Tulifanya kazi toka asubuhi, migongo ikaungua. Jua lilipokuwa utosini nikamwona mama mkwe anapanda kutoka barabarani, polepole, beseni kichwani na nyuma yake wasichana wawili wamebeba sufuria. Nikafikiri, kumbe amekuja kutusaidia kumwagilia.

Alilishusha beseni. Akachota kwa kiganja, akaturushia.

“Mvua inanyesha,” akasema. “Muache kulima, mukuje kula.”

Wenzangu, watu wazima, wenye watoto na wengine wajukuu, wakatupa majembe, wakakimbia wakijifunika vichwa kwa mikono, wakicheka. Wote walikuwa wameshalifanya jambo hilo utotoni, mbele ya milango ya watu. Mimi nilibaki nimesimama. Sikuwahi kulima kwa ajili ya jina la mtu, na hakuna aliyewahi kuniita niikimbie mvua ile. Sikujua kama ananiita na mimi.

Akanijia mpaka nilipokuwa. Akachota tena, akanimwagia utosini, na maji yakanishuka shingoni hadi mgongoni.

“Na weye, mutoto wangu,” akasema. “Unaloa. Kuja kula.”

Nikatupa jembe, nikakimbia kama wengine. Chakula kilikuwa maharage, ya mbegu ile ile ya mlangoni.